Ahmedabad, mji unaofanya kazi kwa zamu

Shangazi yangu alikwenda India kubadilishwa goti, mimi nikaenda kubeba mabegi. Ndivyo wengi wetu tunavyoijua India: uwanja wa ndege, hospitali, chumba cha kupanga karibu na hospitali, duka la dawa, nyumbani. Mwulize aliyerudi mji ulikuwaje, atakueleza daktari alikuwaje. Na mimi ningerudi na habari hizo hizo, kama hospitali isingekuwa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, na kama shangazi asingekuwa mtu wa Mji Mkongwe, Zanzibar, ambaye hawezi kukaa mahali bila kujua majirani ni akina nani, wanakula nini na nyumba zao zimejengwa kwa kitu gani.

"Goti lililofungwa ni langu," aliniambia alipotoka wodini. "Wewe miguu yako mizima. Nenda katembee, mwanangu, uje unihadithie."

Nilikuwa nimesoma makala za watalii kabla ya safari. Zote zina picha ile ile: mzee mwenye kilemba kashika simu ya kisasa, nyuma yake ng'ombe, nyuma ya ng'ombe jengo la vioo. Nimeichoka picha hiyo, pengine kwa sababu na sisi tumepigwa sana, Mmasai na simu yake. Mtu wa kilemba kushika simu hakuna ajabu. Ana watoto wa kuwapigia. Mimi nilitaka kujua jambo lingine: kitu cha zamani kikiwa bado kipo, kinafanya kazi gani, na nani anagharamia.

Mto Sabarmati umeugawa mji pande mbili, na mgawanyo huo unarahisisha mambo kiasi cha kukudanganya. Mashariki ni mji aliouasisi Sultan Ahmad Shah mwaka 1411, wenye ngome ya Bhadra, malango ya mawe na vichochoro. Magharibi ni barabara pana, maduka makubwa, vyuo, hospitali, maghorofa. Mgeni anasema haraka haraka: huku zamani, huku sasa. Akikaa kidogo anaanza kuchanganyikiwa. Mto wenyewe, kwa mfano. Sabarmati ni mto wa msimu. Kwa miezi mingi ya mwaka ulikuwa mchanga mtupu, watu wakilima mboga humo, wakifua nguo, na soko la Jumapili likitandazwa papo hapo. Leo una maji mwaka mzima na kingo za zege, na jioni watu wanakimbia mazoezi kando yake. Maji hayo yanaletwa kwa mfereji kutoka mto Narmada. Kwa hiyo kile unachodhani ni sura ya asili ya mji ni cha juzi tu, maana kingo hizo zilianza kufunguliwa kwa wananchi mwaka 2012. Maelfu ya familia zilizokuwa na vibanda pale zilihamishwa, nyingi zikapelekwa pembezoni, mbali na vibarua vyao. Soko la Jumapili lilibahatika kupewa eneo rasmi lenye sakafu. Nililipita: vyuma chakavu, baiskeli kuukuu, kuku, vitabu, vitanda. Inasemekana lilianza enzi za Sultan mwenyewe.

Karibu na hapo kuna daraja la chuma la Ellis, la mwaka 1892. Halipitishi magari tena. Limebanwa katikati ya madaraja mawili ya zege, moja kila upande, ambayo ndiyo yanayobeba msongamano wote. Nilipolipita kwa bajaji (zinatengenezwa huku huku India, kwa hiyo ilikuwa kama kumtembelea mtu kwao) dereva hakulitazama hata mara moja.

Kama una saa moja tu Ahmedabad, ipeleke Manek Chowk. Hapana, saa moja haitoshi, na humo ndimo ulimo utamu wake. Ni uwanja mdogo katikati ya mji wa zamani, nyuma ya Msikiti wa Ijumaa uliokamilika mwaka 1424. Ukienda asubuhi utakuta mboga na majani mabichi ya kulishia ng'ombe. Watu wananunua fungu, wanamlisha ng'ombe aliyesimama pale, wanaendelea na safari zao za kazini. Ukirudi mchana, uwanja ni wa masonara. Maduka ya dhahabu na fedha yamezunguka pande zote, wafanyabiashara wamekaa juu ya magodoro meupe, mizani mbele yao, na pembeni liko jengo la zamani la soko la hisa la mji huu. Saa mbili usiku masonara wanashusha milango ya chuma, mikokoteni inaingia kama jeshi, na mahali palipokuwa na pikipiki za wateja wa dhahabu panageuka mkahawa mmoja mkubwa usio na paa. Meza za plastiki, majiko ya gesi, siagi isiyo na huruma. Watu wanakula mpaka baada ya saa sita usiku, kisha panafagiliwa, na mboga zinarudi.

Nilikwenda pale mara nyingi kuliko nilivyomwambia shangazi. Kilichonivuta ni ule utaratibu wa kupokezana. Kwetu tunapozungumza kuhusu mji wa zamani na maendeleo, mara zote swali ni lipi litoke lipishe lingine: wamachinga watoke barabara ipite, nyumba ivunjwe hoteli ijengwe. Manek Chowk hakuna anayetoka moja kwa moja. Sonara na muuza chapati za dosa wanatumia mita zile zile za mraba, kila mmoja kwa saa zake, na nadhani kila mmoja anamwona mwenzake kama mlinzi wa zamu. Uwanja usiolala hauibiwi ovyo.

Chakula chenyewe ni mchanganyiko ambao sina hakika nauunga mkono. Kuna sandwichi ya chokoleti, jibini na siagi. Kuna nyingine ya nanasi. Nilimpelekea shangazi ile ya chokoleti ikiwa imefungwa kwenye karatasi. Akaonja upande mmoja, akauliza, "Aliyetia jibini humu alikuwa na hasira na nani?" Kisha akaimaliza. Yeye taabu yake kubwa ilikuwa nyama. Mitaa mingi ya magharibi, ambako tulipanga, unaweza kupita mgahawa baada ya mgahawa bila kuona hata yai. Wahindu na Wajaini wengi wa huku hawali kitu chenye damu. Mpaka nilipogundua Bhatiyar Gali, kichochoro cha Waislamu karibu na lile lango la Teen Darwaza, chenye mishikaki na masufuria makubwa ya nyama, ndipo amani ikarudi chumbani.

Sasa, malipo. Kila mkokoteni wa Manek Chowk una karatasi yenye msimbo wa kulipia kwa simu na kijisanduku kinachotangaza kwa sauti kiasi kilichoingia, ili muuzaji aliyeshika kijiko asilazimike kutazama simu. Mfumo wake, UPI, ulianza mwaka 2016. Mimi natoka nchi ambayo mama wa mchicha ana Lipa Namba. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaja Tanzania mwaka 2008, na tumezoea kujiona sisi ndio waalimu wa dunia katika hili. Pale nikawa mshamba wa noti. Sina akaunti ya benki ya India, basi nikitoa noti ya rupia 500 kununua chai, muuzaji ananitazama kama mtu aliyekuja na ng'ombe kulipia nauli. Nilichokionea wivu zaidi ni kwamba muuza karanga anapokea rupia kumi, zinaingia kumi. Hakuna makato. Waliosimamia tozo zetu za miamala mwaka 2021 wangefaa kukaa usiku mmoja pale wakisikiliza vile visanduku.

Mji wa zamani umegawanyika katika mitaa midogo iitwayo pol. Pol moja ni kichochoro chenye lango, ndani yake nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na zamani wakazi wake walikuwa wa ukoo, kazi au dini moja. Mbele ya kila nyumba kuna kibaraza cha kukalia, na msomaji wa pwani hana haja nielezee kinachoendelea pale. Nyuso za nyumba ni za mbao zilizochongwa: mabano yenye tausi na tembo, nguzo, madirisha, maua yanayotambaa mpaka juu ya vizingiti. Shangazi nilipomwonyesha picha za milango alizikuza kwenye simu kimya kimya. Huko kwetu Mji Mkongwe ipo milango ya aina ile yenye vibao vya mraba inayojulikana kama ya Kigujarati, mitaa ya madukani hasa. Wahindi wetu wengi asili yao ni Kutch na Kathiawar, upande wa magharibi zaidi wa jimbo hili, wala sitadai kwamba fundi wa Ahmedabad alichonga mlango wa Darajani. Lakini fundi wa Darajani na fundi wa hapa wangeelewana bila mkalimani.

Urembo huo ndio unaopigwa picha. Kilichonishangaza mimi kiko chini ya sakafu. Katikati ya nyumba kuna ua mdogo ulio wazi juu, na chini ya ua huo kuna tangi la maji ya mvua, lililopakwa chokaa, lisiloingia mwanga. Maji ya paa yanashuka kwa bomba mpaka humo. Mvua ya kwanza inaachwa ikaoshe paa imwagike nje. Zinazofuata ndizo zinazohifadhiwa. Mji huu una mvua za miezi michache tu, na jua lake la Mei si mchezo: Mei 2016 kipimo kilifika nyuzi 48. Ule ua unatoa hewa ya moto juu, kichochoro chembamba kinatupa kivuli, tangi linatunza ubaridi chini na maji ya kunywa kwa mwaka. Mzee mmoja alinifunulia mfuniko wa shaba nyumbani kwake nikachungulia. Familia yake bado inayatumia kwa kunywa na kwa ibada. Majirani wengi wameyaacha tangu mabomba yafike, na matangi mengine yamejaa kifusi.

Wenyewe wahandisi wa sasa wamerudi huko kwa mlango wa nyuma. Baada ya wimbi la joto la mwaka 2010 lililoua watu wengi, manispaa ilitengeneza mwaka 2013 mpango wa kukabiliana na joto, wa kwanza wa aina yake Asia Kusini: tahadhari kwa simu, maji barabarani, hospitali kujiandaa, na baadaye mapaa ya mabanda kupakwa rangi nyeupe. Nyumba ya pol ilikuwa na mpango wake wa joto tangu kuzaliwa.

Nisiyapambe malango, lakini. Yalifungwa usiku kwa sababu watu waliogopana, na kuogopana huko hakukuisha na masultani. Mwaka 2002 ghasia za kidini ziliua watu zaidi ya 1,000 Gujarat nzima kwa hesabu ya serikali, wengi wao Waislamu, na Ahmedabad ilikuwa moja ya sehemu zilizoumia vibaya. Tangu hapo mtaa wa Juhapura, kusini magharibi, umekuwa ndiko Waislamu wa kila tabaka wanakojazana, daktari na fundi viatu pamoja, kwa kuwa kwingine kupangishiwa nyumba ni shida. Madereva wa bajaji wana neno la utani kwa barabara inayoutenga mtaa huo: mpaka. Basi ukisoma kwamba Ahmedabad imeunganisha ya kale na ya sasa, jua kuna vitu vya kale ambavyo ingekuwa heri visiunganishwe.

Na malango hayo leo hayazuii watu kutoka. Nyumba nyingi za pol zina kufuli. Wenyewe wamevuka mto kutafuta maegesho ya gari, lifti, na bafu lisilohitaji kushuka ngazi za mbao usiku. Vyumba vimepangishwa kwa maghala ya nguo au karakana za masonara. Mashine zinatetemesha mbao za miaka 150. "Kama kwetu," alisema shangazi, na akaanza kuhesabu kwa vidole nyumba za Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe, ambazo warithi wako Muscat, London na Toronto na hakuna anayekubali kutia saini.

Mwishoni mwa daraja la Nehru, upande wa mji wa zamani, magari yanazunguka msikiti mdogo wa mawe ya rangi ya udongo. Ni msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa mwaka 1572 hadi 1573, usultani wa Gujarat ukiwa unakata roho mbele ya majeshi ya Akbar, mfalme wa Mughal. Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi, mtu wa Afrika, katika kikosi cha jemadari Mhabeshi mwenzake, Bilal Jhajar Khan. Watu wetu tumezoea kuisoma Bahari ya Hindi kwa upande mmoja, wao wakija kwetu na nguo na shanga. Huku Waafrika walikuwa askari, majemadari, walinzi wa ngome, na huyu mmoja aliacha jiwe ambalo hakuna aliyelishinda.

Nasema jiwe kwa sababu msikiti wenyewe ni wa kawaida. Kilichotukuka ni madirisha. Kuta zake zina nusu duara za mawe yaliyotobolewa kama lesi, mengi kwa miraba na nyota, lakini mojawapo, upande wa kibla, ni mti mzima: shina linapanda, matawi yanajikunja, yanapishana, yanajaza duara lote, na kati yake umesimama mtende. Jua la jioni linapita humo na kuingia ndani. Nilikaa mpaka adhana ya Magharibi. Waliokuja kuswali walivua viatu, wakanipita, hakuna aliyeinua kichwa kulitazama dirisha. Nikafurahi. Waingereza walipotawala waliligeuza jengo hili ofisi ya serikali. Leo ni msikiti tena, na honi za magari zikipigwa nje ya ukuta.

Mti huo umesambaa mji mzima. Uko kwenye mabango, kwenye sahani za ukumbusho, na nembo ya chuo mashuhuri cha usimamizi, IIM Ahmedabad, imetokana nao. Vijana wanaosomea kuendesha mabenki wanavaa kifuani kazi ya Mhabeshi. Sijui wangapi wanaijua habari hiyo. Wala Masidi wenyewe, kizazi cha Waafrika wa Gujarat, hawako kwenye mabenki hayo. Wengi wao ni maskini, katika vijiji kama Jambur na baadhi ya vichochoro vya mji huu huu, na watu huwaita jukwaani kupiga ngoma watalii wakija.

Tulikuwepo Januari, kwa hiyo tuliikuta Uttarayan. Tarehe 14 na 15 mji wote unapanda mapaani kurusha tiara. Wote: mawakili, mabibi, watoto, mapolisi waliopumzika. Wale waliohamia magharibi wanarudi pol siku hizo, kwa kuwa mapaa ya pol yameshikana na hakuna ghorofa la kuzuia upepo, na wenye mapaa wanayapangisha kwa bei nzuri, pamoja na chakula. Nyumba iliyofungwa kufuli mwaka mzima inaingiza pesa kwa siku mbili kupitia paa lake. Nilialikwa na jirani wa mzee wa tangi. Muziki ulitoka spika tano tofauti kwa mara moja. Mboga za undhiyu na jalebi zilizunguka. Na kila tiara ya adui ilipokatwa kelele ilipigwa mpaka mtaa wa tatu. Usiku zilipanda taa za karatasi zikining'inia kwenye nyuzi.

Uzi huo hupakwa unga wa vioo. Ndio unaokata. Wiki nzima kabla ya sikukuu mafundi wa uzi wanaukandika rangi ya waridi kando ya barabara, mikono imefungwa vitambaa. Waendesha pikipiki hufunga waya mnene wa upinde mbele ya usukani ili uzi usiwakate shingo. Ndege nao wanaanguka, njiwa kwa wingi, na vikundi vya kujitolea vina vibanda vya matibabu yao siku zote mbili. Katika pol hiyo hiyo, mita chache kutoka tulipokuwa, kuna nguzo ya mbao iliyochongwa yenye kijinyumba juu, ya kulishia ndege, mtama ukiwekwa kila asubuhi kwa ajili ya thawabu. Nilimwuliza mwenyeji wangu anayaweka vipi hayo mawili pamoja. Akacheka, akaniwekea uzi mkononi.

Viwanda vya nguo nitavipita haraka, ingawa ndivyo vilivyoulisha mji huu kwa zaidi ya karne. Cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1861 na Ranchhodlal Chhotalal. Baadaye vikawa zaidi ya 60, mji ukaitwa Manchester ya India. Mwaka 1918 wafanyakazi waligoma, Gandhi upande wao pamoja na Anasuya Sarabhai, ambaye alikuwa akipambana na mdogo wake wa damu, Ambalal, mwenye kiwanda. Miaka ya 1980 vingi vilikufa. Imebaki minara ya moshi mirefu kati ya magorofa. Wanawake wa wafanyakazi hao, wabeba mizigo na washonaji wa majumbani, walikuwa tayari na chama chao, SEWA, kilichoanzishwa na Ela Bhatt mwaka 1972, na benki yao tangu 1974. Walijua kabla ya wanaume kwamba ajira ya kiwanda haidumu. Kanga zetu nyingi, kama hujui, zinachapwa Jetpur, jimbo hili hili, pamoja na methali na mafumbo yake. Shangazi alitaka kwenda. Goti likakataa.

Wenye viwanda wale walikuwa na pesa na hamu ya mambo mapya, wakamwita msanifu majengo Le Corbusier awajengee ofisi ya chama chao, iliyokamilika mwaka 1954 ikiwa na vibamba vya zege mbele vya kuzuia jua, jambo ambalo fundi wa pol angelielewa mara moja. Vikram Sarabhai, mtoto wa Ambalal, ndiye aliyeanzisha mpango wa India wa anga za juu. Na yeye na wenzake walipotaka chuo cha usimamizi, msanifu mwingine, Louis Kahn, aliletwa kutoka Marekani miaka ya 1960, akashirikiana na Balkrishna Doshi wa hapa hapa, akajenga kwa matofali ya kuchoma: kuta nene, matundu makubwa ya duara, korido za kivuli. Wakati ule ndiyo ilikuwa sura ya kesho. Sasa maji yameingia ukutani, matofali yanabomoka, na Desemba 2020 uongozi ulitangaza utabomoa mabweni mengi. Wasanifu wa dunia nzima wakapiga kelele, na siku chache baadaye tangazo likafutwa. Mjadala wa nini kitengenezwe na nini kiachwe haukuishia hapo. Jengo la kisasa limeingia kwenye foleni ile ile ya nyumba za mbao, linaomba lisivunjwe kwa hoja zile zile.

Ukitaka kuiona miji yote miwili, wa zamani na mpya, kwa nauli moja, panda metro. Njia yake ya mashariki kwenda magharibi, iliyofunguliwa karibu yote kufikia mwaka 2022, inapita chini ya mji wa zamani bila kugusa boriti, inatokea, inavuka mto kwa daraja, inaishia kwenye maduka ya vioo. Mabasi ya mwendokasi yalitangulia, mwaka 2009, yakiwa na vituo katikati ya barabara kama vyetu vya Dar vilivyokuja 2016. Usafi wa vituo nisiulinganishe.

Jambo lililonigeuza mawazo kabisa alinieleza mhandisi niliyekutana naye kwenye lile paa. Asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001 tetemeko la Bhuj liliipiga Gujarat. Kitovu kilikuwa zaidi ya kilomita 200 kutoka Ahmedabad, na bado mamia ya watu walikufa hapa mjini. Wengi walikuwa kwenye maghorofa mapya ya zege ya upande wa magharibi na kusini: yale yenye chini wazi kwa ajili ya kuegesha magari, nguzo nyembamba bila kuta, juu mzigo wote. Ghorofa ya chini ilipinda, jengo likakaa. Nyumba za pol zilipasuka plasta, zikalia, na nyingi zikabaki zimesimama, maana ndani ya matofali yao kuna boriti za mbao zilizofungwa kwa mlalo, zinazoruhusu ukuta kucheza bila kuachana. Mafundi walijua hilo bila kompyuta. Watu walihama nyumba hizo kwa ajili ya maegesho, na maegesho ndiyo yaliyowaangusha.

UNESCO iliuandika mji wa zamani kuwa urithi wa dunia Julai 2017, wa kwanza India kupata hadhi hiyo kama mji. Mji Mkongwe tuliipata mwaka 2000 na tukaendelea kuangukiwa. Beit el Ajaib tuliiona ikiporomoka siku ya Krismasi mwaka 2020. Hadhi haileti mbao. Ahmedabad wamejaribu kitu ambacho nilimweleza shangazi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuniamini. Mwenye nyumba ya urithi haruhusiwi kuivunja na kupandisha ghorofa. Basi manispaa inampa hati ya ule ukubwa wa ujenzi ambao amezuiwa kuutumia, na hati hiyo anaruhusiwa kuiuza. Mnunuzi ni mwekezaji anayejenga mnara upande wa pili wa mto na anataka kuongeza sakafu kuliko kipimo chake. Pesa inavuka daraja kurudi kwenye paa la mbao. Nyumba zilizoorodheshwa ni zaidi ya 2,000 na waliofaidika bado ni wachache. Makaratasi ni mengi, na warithi, kama wa Malindi, hawakubaliani.

Shangazi alisikiliza, goti juu ya mto, akauliza maswali ambayo mhandisi wangu hakuyafikiria. Hati inatolewa kabla nyumba haijatengenezwa au baada? Warithi kumi na mmoja wanagawana vipi? Na fundi wa kuchonga boriti analipwa na nani akianza leo, ilhali hati haijauzwa? Nikamwambia hayo sikuyauliza.

"Basi kesho rudi ukaulize," alisema. "Halafu uniandikie ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, usitie makuu. Nikifika nampelekea sheha."